Saa ya Siku Kumi na Pazia la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa. Nimefungua daftari jipya kwa ajili yake.

Asubuhi amekuja Mama Wakala, yule wa kampuni inayoagiza saa, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni kwa kamba. Kaweka saa moja ya mkononi juu ya meza yangu, taratibu, kama anayelaza mtoto. Ni saa ya kutia ufunguo, haina betri, na ndani yake mna kipima muda. Ukibonyeza kibonyezo cha juu, mshale mrefu mwembamba unaondoka. Ukibonyeza tena, unasimama. Ukibonyeza cha chini, unarudi mwanzo. Mashine ya ndani ni mpya kabisa, haijawahi kuuzwa popote. Kabla hawajaileta madukani wanataka kujua kama ni ya kutegemewa.

Kazi yangu ni hii. Niivae siku kumi. Kila asubuhi saa moja kamili, redio inapotoa vile vimlio vyake kabla ya habari, nitazame saa imekimbia au imechelewa sekunde ngapi, niandike kwenye fomu. Kila siku nibonyeze kipima muda mara hamsini, niandike. Na nisiifungue. Mfuniko wa nyuma umetiwa tone la rangi nyekundu, nusu kwenye mfuniko, nusu kwenye ubavu. Tone likivunjika, watajua. Siku kumi zikiisha, fundi mmoja wa mji huu atateuliwa kuwa fundi aliyeidhinishwa wa saa hizo. Atapewa na kibao cha shaba cha kutundika mlangoni. Nimeonyeshwa picha yake. Kizuri kupita kiasi.

Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru aliponiuliza kama fundi mwingine wa saa ndiye yule wa ng'ambo ya barabara, mwenye mlango wa kijani. Kumbe na shemeji kapewa.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Watu wanamwita Rula, maana hawezi kuandika hata orodha ya vitu vya sokoni bila kupiga mistari kwanza. Miaka kumi na mitano tunatazamana kupitia vioo vya madirisha, kila mtu na lenzi yake jichoni, kila mtu akijifanya ana kazi nyingi.

Mimi sina kazi nyingi. Naandika ukweli kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu mwingine. Ni miezi minane sijafungua saa ya maana. Nabadilisha betri na kukata mikanda. Watu siku hizi wanaangalia saa kwenye simu. Chumba chetu cha kazi ni kimoja, cherehani ya mke wangu iko ukutani na meza yangu iko dirishani. Mke wangu ameagiza cherehani ya pili, na anasema inahitaji mwanga. Nikipata kibao, meza yangu inabaki dirishani. Nikitoka kapa, inahamia nyuma ya mlango, pale unaposimama ufagio. Kayasema haya kwa sauti ya upole, ndiyo maana najua hatanii.

Sitoki kapa mimi.

Jumanne, 4 Juni

Saa moja kamili. Redio ikalia. Nikatazama mkononi. Imechelewa sekunde ishirini na tatu.

Nikaitikisa. Nikaisikiliza. Labda niliilalia. Labda haikupenda mkono wangu. Nikaketi na fomu nikawaza. Mama Wakala akiona ishirini na tatu siku ya kwanza, atafurahi? Mtu akikuletea mtoto umlee, jioni unamwambia mtoto wako mzito, atakupa zawadi?

Basi nikairekebisha saa ilingane na redio, halafu ndipo nikaitazama rasmi. Tofauti sifuri. Nikaandika sifuri. Nilichokiandika ndicho nilichokiona.

Nimebonyeza mara hamsini. Kidole gumba kinawaka moto. Ng'ambo naona Rula naye anabonyeza, na kila anapobonyeza anachora kistari. Hamsini kwa kidole, hamsini kwa kalamu. Atazeeka kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 5 Juni

Ishirini na mbili. Nikarekebisha. Nikatazama. Sifuri.

Nikaenda kwa shemeji kupeleleza. Kisingizio: kuazima mafuta ya saa. Nikamuuliza saa ngapi. Akanitajia saa, dakika na sekunde, kisha bila hata kuulizwa akaongeza kwamba ya kwake inachelewa sekunde kumi na moja kwa siku, na ameandika hivyo hivyo kwenye fomu. Anasema mbele ya wateja! Nilimwonea huruma karibu nicheke. Nikamwambia ukweli ni kitu kizuri sana, shemeji, usiuache. Akanishukuru. Akanimiminia chai. Nikanywa vikombe viwili huku nikimwona anajichimbia shimo kwa rula.

Kaniambia pia jua la mchana linampiga usoni akiwa kazini, hivyo amempa dada yake, yaani mke wangu, kazi ya kumshonea mapazia mawili meupe ya dirisha la duka. Nikamwambia achague kitambaa kizito. Mtu akikuazima mafuta huwezi kumnyima ushauri.

Alhamisi, 6 Juni

Sifuri. (Ishirini na tatu.)

Kidole gumba kimevimba. Nilimwonyesha mke wangu nikitegemea pole. Kaniambia yeye anasukuma pedali ya cherehani kutwa nzima na hajawahi kumletea mtu mguu wake autazame. Akaendelea kushona.

Nikabaki nimemwangalia. Sindano inashuka, inapanda, inashuka, inapanda. Haichoki. Haivimbi.

Na hapo ndipo akili ikanijia. Kila mtu atapeleka fomu ya mibonyezo mia tano. Rula atapeleka mia tano na vistari mia tano. Je, mimi nikipeleka elfu tano? Elfu tano bila hitilafu! Mama Wakala atavua ile miwani mwenyewe.

Nimechora mpango. Kile chuma kinachopanda na kushuka na sindano, nakifunga kipande cha waya mgumu. Mwisho wa waya, kizibo cha chupa. Pembeni, saa imebanwa ubavu kwenye kibao cha mti, kibonyezo cha juu kikitazama kizibo. Sindano ikishuka, kizibo kinabonyeza. Nimeurudia mchoro mara tatu na kila mara unapendeza zaidi.

Mke wangu alikataa. Ana mapazia ya kaka yake ya kumaliza, cherehani haisimami kwa ajili ya mchezo. Nikamwuliza nani kasema isimame. Ashone tu. Kila sindano inapotoboa kitambaa, saa inabonyezwa mara moja. Pazia linapata pindo, saa inapata mazoezi. Mwishowe akasema uzi ukikatika nitautunga mimi. Nikakubali. Hajui kwamba bila lenzi sioni tundu la sindano.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimesikia sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia katika chumba hiki. Tak-tik, tak-tik, tak-tik. Sindano inatoboa, kizibo kinabonyeza, mshale mrefu unaondoka, unasimama, unaondoka, unasimama. Kwa mapindo ya mapazia mke wangu hashoni kwa kasi, na kila akisimama kugeuza kona, saa nayo inapumzika. Pazia la kwanza limekwisha lote, pande zote nne. Saa inadunda tu.

Kuhesabu sikuhesabu. Nani ataweza? Nakadiria ni elfu nyingi. Kwenye fomu, chini ya neno Maoni, nimepima kwa kidole kama kuna nafasi ya kuandika: “Kwa juhudi binafsi, nje ya masharti, nimebonyeza mara elfu tano.” Inaingia, nikibana herufi.

Tofauti: sifuri. (Ishirini na nne. Siijali tena.)

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwisha.

Pazia la pili. Mke wangu amemaliza ubavu mmoja, yuko kwenye pindo la chini. Tak-tik, tak-tik. Mara tak. Halafu tak. Halafu tak. Tik haikuja tena. Kizibo kinashuka na kupanda, kibonyezo kimezama ndani ya saa na hakirudi. Mshale mrefu umeondoka na unaendelea kuzunguka kwa furaha zake.

Nikapiga kelele asimame. Akasimama, akakata uzi, akafunga fundo. Akauliza kama imekufa. Nikasema imechoka tu. Nikaitoa kwenye kibao. Nikaivuta kwa ukucha. Nikaipuliza. Nikaibembeleza kwa maneno ambayo mke wangu anasema yeye hajawahi kuambiwa. Wapi. Akafungua waya na kizibo, akanikabidhi kama mtu anayemkabidhi mwenzake viatu vyake mlangoni, akaendelea na pindo lake kuanzia pale pale alipofunga fundo.

Mshale umezunguka kutwa. Kipima muda kikiachwa kinakula nguvu ya saa yote, hilo kila fundi analijua. Saa kumi na dakika nane alasiri, saa yenyewe ikasimama kabisa. Niliishikilia mkononi, nikatazama meza yangu, nikatazama ufagio.

Jumapili, 9 Juni

Saa moja kamili asubuhi. Redio ikalia. Saa yangu bado iko kwenye saa kumi na dakika nane za jana. Saa iliyosimama haiwezi kusemwa kwamba inachelewa, imesimama. Nikaandika sifuri.

Mke wangu kaenda kutundika mapazia kwa kaka yake. Nikafunga mlango. Nikapiga moyo konde. Nikaifungua.

Lile tone jekundu lilipasuka kwa mlio mdogo ambao nimeusikia hadi kwenye magoti. Halafu mfuniko ukatoka, nikavaa lenzi, na kwa kweli nikasahau kwamba nafanya kosa. Miezi minane! Magurudumu yake ni safi, meno yake yamekatwa kwa adabu, kila kipande kimekaa mahali ambapo mimi mwenyewe ningekiweka kama ningeulizwa. Nilikaa nikaitazama tu. Machozi yalinilenga na sioni aibu kuandika.

Tatizo nililiona mara moja. Springi moja ndogo, nyembamba kama unywele, ile inayorudisha kibonyezo. Imekatika pale ilipopindwa. Si kizibo changu kilichoiua, ni ile kona. Imekunjwa kali mno.

Nikatafuta kwenye droo, nikapata saa mfu ya zamani, nikatoa springi yake, nikaipiga msasa, nikaipinda upya, kona ya mviringo safari hii, taratibu, kwa saa nzima. Nikaipachika. Nikabonyeza. Mshale ukaondoka. Nikabonyeza. Ukasimama. Sijawahi kufurahi hivi tangu harusi yangu, na siku ya harusi nilikuwa na maumivu ya jino.

Springi iliyokatika nimeibandika hapa kwa utepe ili isipotee. Sijui kwa nini. Fundi hatupi kipande.

Likabaki tone jekundu. Kwenye kabati la mke wangu kuna rangi ya kucha nyekundu. Nyekundu ile ile kabisa! Nikatia tone moja, nusu kwenye mfuniko, nusu kwenye ubavu. Nikalipepea. Nikalipeleka dirishani.

Linametameta. Ni rangi ya sherehe, ina chembechembe za fedha ndani. Nikilifuta litaacha doa. Nimeamua kwamba watu wa kiwandani nao wanapenda kupendeza.

Jumatatu, 10 Juni

Sekunde tatu tu! Nikiwa humo ndani jana nilikisogeza kidogo kile kijiti cha kurekebisha mwendo. Si kwamba niliifungua kwa ajili hiyo. Nilikuwa tayari nimeshafungua.

Nikaandika sifuri kwa mkono mwepesi, maana leo ni sifuri iliyo karibu na ukweli.

Jumanne, 11 Juni

Nimeitazama fomu kwa mbali, kama Mama Wakala atakavyoitazama. Sifuri nane zimepangana toka juu hadi chini. Zinaonekana kama macho. Nikawaza, mtu makini anaweza kushtuka. Basi sifuri ya Jumatano iliyopita nimeigeuza kuwa moja. Sekunde moja. Nionekane binadamu.

Ile habari ya elfu tano siiandiki. Nimejaza hamsini kila siku, hitilafu hakuna. Inaniuma, kazi kubwa vile kwenda bure.

Jumatano, 12 Juni

Mke wangu amepima dirisha kwa futikamba. Urefu, upana, na umbali hadi ukutani. Niliongeza kasi ya kubonyeza.

Alhamisi, 13 Juni

Nitaeleza yote kama yalivyokuwa.

Mama Wakala alituita sote dukani kwa shemeji, kwa kuwa kule viti viko vingi. Mke wangu alikuwepo pia, kapiga magoti dirishani akisawazisha lile pazia la pili ambalo upande mmoja lilikuwa limeshuka, pini mdomoni.

Akaanza na fomu ya Rula. Imechelewa kumi na moja. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na moja. Mibonyezo mia tano, hitilafu hakuna. Akatikisa kichwa taratibu, akaiweka kando. Nikamwangalia shemeji kwa upendo wa mtu anayeaga.

Akachukua yangu. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema amefanya kazi ya saa miaka ishirini na mbili, na saa ya kutia ufunguo yenye sifuri tisa hajaiona hata kwenye matangazo yao wenyewe, ambayo alikiri yanatia chumvi. Rula akasema, bila kejeli hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonichoma, kwamba hata sifuri mbili mfululizo yeye angeenda kuikagua redio.

Nikasema ni suala la kuivaa kwa upendo.

Mama Wakala akaigeuza saa. Akalitazama lile tone. Akalikwangua kwa ukucha. Akanusa ukucha. Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama kiwanda kimeanza lini kutumia rangi yenye nyotanyota.

Mke wangu akatoa pini mdomoni. Akasema hiyo ni rangi yake ya kucha, na kumbe ndiyo maana kichupa kilikuwa hakijafungwa vizuri. Kisha akaniuliza mbele ya wote kama nimeshamweleza mama habari za cherehani.

Nilikuwa sijamweleza.

Basi akaeleza yeye. Waya. Kizibo. Kibao cha mti. Jinsi ilivyokufa katikati ya pindo. Alieleza vizuri sana, kwa mpangilio, na kwa mikono. Shemeji akawa ananitazama mdomo wazi. Mimi nilikuwa nautazama mlango wa kijani na kupima ni hatua ngapi.

Lakini Mama Wakala hakukasirika. Alisogeza kiti mbele. Akataka kujua ilibonyezwa mara ngapi kabla ya kufa. Nikasema nyingi. Akauliza nyingi ndiyo ngapi. Nikasema nyingi sana.

Mke wangu akanyoosha kidole kwenye dirisha. Akasema hesabu ipo pale. Kila tundu la sindano ni mbonyezo mmoja, kuanzia kona hii ya pazia la kwanza hadi kwenye fundo alilofunga kwenye pazia la pili saa ilipokufa. Fundo lake analijua, hahitaji kuonyeshwa.

Basi sote wanne tukapiga magoti kwenye mapazia ya shemeji.

Tulihesabu mchana kucha. Wateja wawili walifika, wakatuona tumeinama sakafuni na pindo mikononi, wakaondoka bila kuaga. Rula alivaa lenzi, akachukua chaki, na kila tundu la mia akapiga kistari kilichonyooka. Nilimpenda kwa vile vistari, sina budi kusema. Jumla: elfu mbili, mia tatu na kumi na sita. Akarudia kutoka mwisho kwenda mwanzo. Elfu mbili, mia tatu na kumi na sita.

Elfu tano yangu ilikuwa ya mdomoni tu.

Mama Wakala akaketi. Akasema kiwanda kimemwahidi kwamba mashine ile itavumilia mibonyezo elfu kumi. Fundi yeyote anayebonyeza kwa kidole, katika mji wowote, angeishia mia tano na kuandika hitilafu hakuna. Saa zingeingia madukani, watu wangezinunua, na mwaka wa pili vibonyezo vingeanza kuzama kimoja baada ya kingine. Akasema angetoa chochote aione hiyo springi iliyokatika.

Sikumbuki nilivukaje barabara. Nilirudi na daftari hili, nikiwa nimekunja kurasa nyingine zote na kuzishikilia kwa nguvu, nikampa utepe wenye springi. Akaiangalia kwa lenzi ya Rula. Akasema kona imekunjwa kali mno. Nikasema ndicho nilichosema mimi. Kisha akafungua saa akatazama springi niliyoitengeneza. Akauliza ni kazi ya nani. Nikasema yangu. Akaitazama muda mrefu sana, akampa na shemeji aione. Shemeji akasema yeye asingeweza kuipinda vile. Alisema hivyo, neno kwa neno, na sitalisahau.

Kibao cha shaba kakipata Rula. Mama Wakala alisema fundi aliyeidhinishwa lazima aandike anachokiona. Nikasema mimi pia niliandika nilichokiona. Mke wangu akaangua kicheko, shemeji akafuata, na mwishowe hata mimi, ingawa nilikuwa sijaona kichekesho.

Halafu Mama Wakala akasema jambo la pili. Kiwanda kitabadilisha springi. Kabla ya kuziachia madukani, anataka saa sita zibonyezwe mara elfu kumi kila moja kwa cherehani, kwa mwendo wa kawaida, na kila tundu liwe kwenye kitambaa ili lihesabike. Mkataba umeandikwa kwa jina la mke wangu. Mimi nimeandikwa chini: fundi wa kufungua na kukagua. Kwa ruhusa.

Kwa ruhusa! Hakuna aliyewahi kunipa ruhusa ya maandishi.

Jumamosi, 15 Juni

Cherehani ya pili imefika. Imewekwa dirishani. Meza yangu haikwenda kwenye ufagio, maana mkaguzi lazima akae karibu na saa zinazokaguliwa. Mke wangu ameisogeza mwenyewe hadi ikagusana na cherehani. Nusu ya dirisha yake, nusu yangu. Tukikaa, viwiko vinagongana. Nilimwambia ni dirisha zuri zaidi kuliko lilivyokuwa, akasema tusizoeane, lakini alikuwa anatabasamu.

Nilikwenda kumsaidia shemeji kutundika kibao. Yeye alipima kwa rula, mimi nikashika msumari. Kimekaa wima kabisa. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli kutoka moyoni, karibu sekunde kumi na moja.

Mapazia kayachukua Mama Wakala yote mawili, yanapelekwa kiwandani yakiwa na vistari vyake vya chaki. Jua linampiga Rula usoni kama zamani. Nilimpungia mkono. Akanipungia, amekunja jicho.

Jumatatu, 17 Juni

Kazi imeanza. Mke wangu kabandika masharti ukutani kwa mkono wake: mwendo wa kawaida, kupumzika kila tundu la mia tano, kuandika kinachoonekana. Ameyasoma kwa sauti, akanifanya niyarudie, nikayarudia. Nimeelewa. Safari hii ni kazi ya kweli, na ninaona fahari.

Saa sita, mara elfu kumi kila moja. Ni elfu sitini. Asubuhi nzima tumefika mia nane.

Sasa katoka kununua uzi, hatakawia. Nilikuwa nimekaa tu nikitazama dari, na hapo nikaiona ile feni. Ina mapanga matatu. Kila panga likifungwa kizibo, mzunguko mmoja ni mibonyezo mitatu. Ajabu hakuna aliyewahi kulifikiria. Kitambaa cha kuhesabia nitakishona baadaye, matundu elfu sitini hayana sura, nani atajua yalishonwa lini.

Nimeshafunga vizibo, na saa nimeibana kwenye kibao pale vinapopita. Nilipanga kuanza na spidi ya kwanza, kwa usalama, ila kitufe cha kwanza ni kibovu, na cha pili pia. Naanza na ya tatu. Ili tusipoteze muda, fomu nimeshaijaza: hitilafu, hakuna.